Nyayo za Bi Biubwa

Bi Biubwa aliamini kwamba ameizoea baridi ya Johannesburg. Miaka ya mwanzo, alipotoka Unguja kumfuata mumewe, kila ikiingia Juni alilala na soksi mbili mbili na bado vidole vya miguu vilimuuma mpaka machozi yakamtoka. Sasa mume ameshatangulia mbele ya haki, binti amekuwa mkubwa, na yeye mwenyewe, umri ukikaribia sitini, alikuwa akitembea peku juu ya vigae vya chumba chake cha ushoni asubuhi ambazo majani ya nje yameganda barafu.

"Mie nishakuwa mwenyeji," aliwaambia wateja wake. "Baridi yenu hainipandi tena."

Chumba hicho kilikuwa mtaa wa Fordsburg, ghorofani, juu ya duka la viungo, na harufu ya bizari na iliki ilipanda mpaka kwenye nguo. Alishona mabuibui, mapazia, kanzu za watoto wa madrasa, na zaidi ya yote nguo za maharusi. Watu walitoka mbali kumfuata kwa sababu ya mshono wake. Ukiigeuza nguo ya Bi Biubwa ndani nje, huwezi kuamua upande upi ni wa nje. Sukari alikuwa nayo tangu zamani. Alimeza vidonge vyake, chai akainywa bila sukari isipokuwa siku za harusi, na harusi Fordsburg hazikosekani. Miguu hakuifikiria kabisa.

Basi ikatokea cherehani yake ya umeme ikaanza kumkimbia. Alikuwa akishona mkono wa gauni la lesi, akakanyaga pedeli kidogo tu, kama anavyokanyaga siku zote, na cherehani ikatoka mbio ikaumeza mkono mzima. Akafumua, akaanza tena. Ikamkimbia tena. Akampigia simu Ezéchiel, fundi wa vyerehani, Mkongo wa Lubumbashi mwenye karakana yake Jeppestown.

"Fundi, cherehani hii imeingiwa na jini," alimwambia.

Ezéchiel aliifungua mota, akasafisha, akatia mafuta, kisha akaijaribu kwa mguu wake mwenyewe. Ikaenda taratibu, mshono kwa mshono. "Mama, mashini iko muzuri," akasema, akaenda zake.

Wiki haikwisha, ikamkimbia tena. Safari hii Bi Biubwa alimpokea Ezéchiel mlangoni na maneno. Kwamba mafundi wa siku hizi wanapaka mafuta tu na kuondoka. Kwamba bibi harusi hangoji. Ezéchiel alikaa juu ya kigoda, akamwomba ashone kidogo, na wala hakuiangalia cherehani, aliangalia chini.

"Mama, ukanyage kidogo."

"Nimekanyaga kidogo."

"Apana, mama. Umekanyaga mpaka chini."

Bi Biubwa akainama. Pedeli ilikuwa imelala sakafuni, na mguu wake uko juu yake kwa uzito wote. Angeapa kwamba ameigusa kwa ncha ya kidole.

"Mashini haina kitu," Ezéchiel akasema kwa upole. "Ni muguu. Kuna dada wa kanisa letu, Marcelline, ni daktari wa miguu kule Kensington. Anasema miguu ya watu wa sukari inalalaga. Uende akuone."

"Umekuja kutengeneza cherehani au kunitengeneza mimi?"

Ezéchiel alifunga sanduku lake la vifaa, akaaga, akateremka ngazi.

Jumamosi iliyofuata, Nasra, binti wa Bi Biubwa, alirudi kutoka kazini, duka la miwani, akakuta matone mekundu juu ya vigae vyeupe. Yalianzia kwenye cherehani, yakaenda kwenye meza ya kupigia pasi, yakarudi.

"Mama, nani amejikata?" aliuliza kwa Kiingereza. Nasra alizaliwa hapa. Kiswahili alikielewa chote lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza, na akiwa na marafiki zake, kwa Kizulu.

"Hakuna aliyejikata. Nipo peke yangu tangu asubuhi."

"Hebu inua mguu."

Bi Biubwa akainua wa kushoto. Hamna kitu. Akainua wa kulia, na Nasra akaziba mdomo kwa mkono. Pini ya kushonea, ile yenye kichwa cheupe cha lulu, ilikuwa imezama kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, kimebaki kichwa tu, utadhani ni kishikizo kilichoshonewa pale.

Nasra aliing'oa. Mama yake alikuwa akimtazama usoni, kana kwamba anatafuta huko kama inauma.

"Inauma?"

"La."

Ile "la" ndiyo iliyomtisha Bi Biubwa mwenyewe. Pini imeingia saa ngapi? Hakujua. Alikuwa ameswali Adhuhuri nayo, akaswali Alasiri nayo, akateremka ngazi kununua tangawizi na kupanda tena. Alikaa kwenye kiti akauangalia mguu wake kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kisha akamwambia Nasra, "Nipe simu. Nimtafute yule fundi."

Ezéchiel mwenyewe ndiye aliyewapeleka Kensington Jumatatu, kwa bakkie yake, pikapu iliyojaa vichwa vya vyerehani vibovu. Hakuugusia ugomvi. Njia nzima alilalamikia robot tu, zile taa za barabarani, maana umeme ulikuwa umekatika na kila njia panda magari yalikuwa yanagombea kupita.

Chumba cha Marcelline kilikuwa kati ya saluni na duka la kuchonga funguo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Bukavu, aliyefika nchi hii akiwa msichana wa shule na kusomea miguu hapahapa Johannesburg. Alimkalisha Bi Biubwa kwenye kiti kirefu cha kuegemea, kisha yeye akavuta kigoda akakaa chini, akaupakata mguu wake mapajani. Bi Biubwa akaona haya mpaka masikio yakamwasha.

"Mwanangu, usiniinamie hivyo. Mguu mchafu huu."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu. Ukininyima miguu, nitakula nini?"

Alichukua kijiti chenye uzi wa nailoni mgumu kidogo, mfano wa unywele wa ufagio. "Funga macho, mama. Kila nikigusa na huu uzi, useme ndiyo."

Bi Biubwa akafumba macho. Alitaka kufaulu. Alikuwa mwanafunzi mzuri utotoni, na moyoni alijiambia miguu yake haitamwaibisha mbele ya mtoto huyu.

"Ndiyo," akasema. Akangoja. "Ndiyo." Akangoja tena kidogo. "Ndiyo."

Akasikia Nasra anabanwa na kicheko. Akafumbua macho. Mikono ya Marcelline ilikuwa imetulia juu ya magoti yake, na kile kijiti kiko kwenye sinia.

"Mama Biubwa," akasema Marcelline, "bado sijaanza."

Wakacheka wote watatu, Bi Biubwa zaidi yao, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Baada ya hapo alisema kweli. Juu ya kifundo alisikia. Mgongo wa mguu alisikia hapa na pale. Vidole na nyayo, kimya. Marcelline akapiga chuma chenye ncha mbili, kikaanza kutetemeka, akakiweka kwanza kwenye kifundo cha mkono wa Bi Biubwa ili ajue kinavyovuma, kisha kwenye kidole gumba cha mguu. Hamna. Akapanda nacho polepole, na kilipofika kwenye goti Bi Biubwa akashtuka.

"Hapo! Hapo kinanguruma."

"Vizuri. Goti lako liko na afya," Marcelline akasema. Akaeleza bila haraka kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi huichosha mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu, inayokwenda mpaka vidoleni.

"Itarudi?"

"Ile iliyokwenda, mama, sikuahidi. Ukiishika sukari yako vizuri, tutalinda iliyobaki. Na muguu usiosikia unaweza kukubeba miaka mingi sana, kama kuna kitu kingine kinasikia kwa niaba yake."

"Kitu gani?"

"Macho. Yako, na ya huyu binti."

"Kwa hiyo ile baridi," Bi Biubwa akasema, "kumbe sikuizoea."

"Baridi iko palepale. Ni wewe huisikii. Na hita usiisogelee na miguu, wala chupa ya maji ya moto kitandani. Utaungua na hutajua."

Kisha akaanza kazi. Chini ya mguu wa kulia, pale ambapo pedeli ilikuwa imekandamiza miaka nenda miaka rudi, palikuwa na sugu nene ya manjano ambayo Bi Biubwa alikuwa akiiona ni ngao. Marcelline aliiparaza kwa kisu kidogo, tabaka kwa tabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu. Nasra aligeuza uso. Chini ya sugu, kando ya tundu la pini, palikuwa na kidonda cha kama ushanga kilichojificha, kinyevu.

"Umeona? Sugu ni sawa na jiwe ndani ya kiatu," Marcelline akasema. "Inakandamiza nyama huku chini, na mwenye muguu hana habari. Ashukuriwe Mungu kwa ile pini, mama. Bila pini ungekuja lini?"

Akakisafisha, akakifunga, akawatuma kliniki ya serikali kwa dawa na picha ya mfupa. Siku chache baadaye picha ilirudi njema, mfupa ulikuwa salama. Lakini amri aliyoitoa Marcelline siku ileile ilikuwa nzito. Bi Biubwa avae kiatu kirefu cha mgonjwa, kile kinachouondolea unyayo uzito, mchana kutwa, ndani na nje. Na pedeli asiiguse.

"Nitumie mguu wa kushoto basi."

"Nao hausikii. Mashini itakukimbia vilevile."

"Sasa nishone na nini? Na pua?"

Bi Biubwa alitazama dirishani, na Nasra, aliyekuwa akimjua mama yake, aliona kwamba habari hii ilimuuma kuliko ile ya kidonda. Kushona ndiko kulikompa sababu ya kuamka tangu alipofiwa.

Ezéchiel alikuwa ameketi karibu na mlango muda wote huo, kofia mkononi, akijifanya hasikilizi. "Samahani," akasema. "Daktari amesema goti linasikia?"

"Linasikia," Marcelline akajibu.

"Basi haina shida. Zile mashini za zamani za kiwandani, kuna zingine watu walisukuma na goti. Niko na chuma chake Jeppestown, kwenye vyuma vya zamani. Nitakichomelea."

Alikileta kabla wiki haijaisha, mkono wa chuma uliopinda, uliofungwa chini ya meza na kuvishwa sponji. Ukiusukuma kwa goti kwenda kulia, cherehani inakwenda, ukiuachia, inasimama. Alipomaliza kukaza skrubu ya mwisho, Bi Biubwa alimpa kahawa na kaimati, akasimama mbele yake na kile kiatu chake kirefu.

"Fundi, siku ile nilikutolea maneno. Niwie radhi."

"Maneno gani, mama?" Ezéchiel akasema, akichukua kaimati ya pili. "Mimi nilisikia kelele ya mashini tu."

Kujifunza kushona kwa goti kulikuwa kama kujifunza kuandika kwa mkono mwingine. Siku za mwanzo mshono uliruka, ukasita, ukapinda. Alishona vitambaa vya jikoni, akashona foronya, akazificha asizione mtu. Kisha asubuhi moja goti likaelewa. Cherehani ikashuka kwenye kona ya lesi pole pole, kama zamani, na Bi Biubwa akajikuta anaimba peke yake.

Jioni, baada ya Magharibi, ikawa zamu ya Nasra. Mama ataketi kwenye kochi, Nasra ataketi juu ya zulia na tochi ya simu, na atakagua. Mwanzoni alikagua kama anayesoma risiti, kwa Kiingereza na kwa haraka.

"Niambie kwa Kiswahili," Bi Biubwa akamwambia. "Mguu wangu haujui Kiingereza."

"Mama, eish."

"Sema. Hiki nini?"

"Ki... kisigino."

"Kina nini?"

"Kisigino kimekauka. Lakini hakina... hakina kupasuka."

"Hakijapasuka."

"Hakijapasuka. Kati ya vidole, kavu. Ukucha wa kidole gumba, mrefu kidogo. Kidonda..." Nasra akasogeza tochi. "Kidonda kinakuwa kidogo, mama. Wallahi, ni kidogo kuliko jana."

Kutoka kwenye visigino walihamia mambo mengine. Mguu ukiwa mapajani mwa mtu ni vigumu kuondoka na kwenda chumbani kutazama simu. Nasra akauliza baba yake alikuwa anavaa kiatu namba ngapi. Akauliza kwa nini waliondoka Unguja, na Bi Biubwa akamsimulia mambo ambayo hakuwahi kumsimulia, mengine ya kuchekesha, mengine sivyo. Kiswahili cha Nasra kilikuwa na mashimo mengi, na mama yake aliyaziba moja moja bila kumcheka.

Marcelline naye alikuwa na maswali yake. Aliona alama kwenye ubavu wa kifundo cha kushoto, asiielewe, mpaka Bi Biubwa akatandika mtandio palepale kwenye zulia la kliniki akamwonyesha anavyokaa kwenye tahiyatu, kile kikao cha ndani ya sala. Marcelline aliinama kutazama uzito unapoangukia. "Sasa nimeelewa," akasema. "Mpaka kidonda kipone, unaweza kusali kwenye kiti? Na baada ya kutawadha, kausha kati ya vidole. Kila mara. Maji yakibaki pale, ngozi inalainika inapasuka." Bi Biubwa alijishonea vitambaa laini vya pamba kwa kazi hiyo, akaweka kimoja bafuni, kimoja kwenye mkoba.

Kidonda kikafunga. Marcelline akampimisha viatu vya kudumu, vipana mbele, virefu kimo, vyenye soli ya ndani iliyochongwa kufuata unyayo wake. Vilikuwa vyeusi na, kwa maoni ya Bi Biubwa, vibaya kama viatu vya askari wa magereza. Alipofika navyo nyumbani aliviangalia kwa siku kadhaa, kisha akachukua kipande cha satini ya waridi akavitia bitana ndani, apate angalau raha ya kujua kuna kitu kizuri.

Alivivaa kwenda kliniki, akijivunia. Marcelline aliingiza mkono ndani ya kiatu, kama anavyofanya siku zote, mara mkono ukasita.

"Nani aliweka hii?"

"Mie. Mshono huo hata uutafute na miwani huuoni."

"Siuoni, lakini vidole vyangu vinausikia. Muguu wako hautausikia, mama, na huo mshono utakukata."

"Mshono wangu?" Bi Biubwa alisema. "Mshono wangu haujamuumiza mtu tangu nizaliwe."

"Najua. Lakini uutoe."

Bi Biubwa akautoa, kwa kisu chake mwenyewe cha kufumulia, mdomo umevimba kama wa mtoto. Na bado hakuwa amesikia yote. Soksi nazo, Marcelline akasema, azigeuze ndani nje, ili mshono wa vidoleni ukae upande wa kiatu. Siku mbili Bi Biubwa hakutaka kumsikia mtu. Yeye aliyeficha mishono maisha yake yote, sasa atembee Fordsburg na mishono ya soksi iko nje kama mwendawazimu! Siku ya tatu hasira zikaisha, na akili ya fundi ikarudi. Kama ndani haparuhusiwi, nje hapajakatazwa. Akaviviringishia vile viatu, kwa gundi tu, zari nyembamba ya fedha pembeni, juu ya ngozi, akaongeza kijishada kidogo kwenye ukanda. Wiki hiyohiyo muuza vitambaa mmoja alimsimamisha barabarani akamwuliza amevinunua duka gani.

Mwaka uliofuata jirani yake Zabibu aliozesha binti. Usiku wa hina ukasogezwa mchana, maana wageni walitoka mbali. Bi Biubwa alikuwa amemshona bibi harusi kuanzia shela mpaka kanzu ya ndani, na alikwenda kama mgeni wa heshima. Asubuhi yake alikuwa amempigia simu Marcelline.

"Daktari, hina naruhusiwa?"

"Hina ya majani, sawa. Ile nyeusi ya dawa, apana, inaunguza. Na usiweke juu ya kovu."

Mpakaji hina alipomaliza na bibi harusi, Bi Biubwa akavua soksi akanyoosha miguu yote miwili mbele ya kadamnasi. Vikapigwa vigelegele.

"Biubwa!" Zabibu akapiga ukelele. "Una mchumba nini?"

"Nina miguu," Bi Biubwa akajibu. "Inanitosha."

Akamwelekeza mpakaji kama anavyowaelekeza mafundi wake. Maua yapande kutoka kwenye vidole, yazunguke kifundo, yaishie hapo. Kati ya vidole usiguse. Chini usiguse, nyayo ziwe safi, nina mtu wa kuzikagua. Alikaa na miguu yake juu ya mto mpaka hina ikakauka, akila sambusa kwa mkono wa Nasra, na alipoinuka alivaa viatu vyake vya zari akacheza kidogo na bibi wa bwana harusi, bila kuruka.

Siku ya miadi, Marcelline alivua soksi ya kwanza, akaona maua mekundu ya hina yamejaa mgongo wa mguu mzima. Akavua ya pili. Alifungua mlango akamwita Gaëlle, msichana wa mapokezi. "Gaëlle, njoo uone muguu wa mugonjwa wangu."

Gaëlle aliangalia, akaomba kupiga picha. Bi Biubwa akasema apige, ila zari ya kiatu ionekane.

Kisha Marcelline akaugeuza ule mguu, akawasha taa yake, akapitisha kidole gumba chake juu ya unyayo mweupe msafi, kutoka kisigino mpaka vidoleni, polepole. Bi Biubwa hakusikia kitu, lakini alikuwa akimtazama.

"Haina kitu," Marcelline akasema. "Nikate kucha, basi. Nani aliolewa?"

"Binti wa Zabibu," akasema Bi Biubwa, akaegemea kiti na kujifunika mtandio vizuri. "Ngoja nikusimulie. Tuanze na biriani."